Uzi Mwekundu wa Gurudumu la Nyuma

Kwa zaidi ya miaka arobaini nimekuwa nikiisimulia habari hii vibaya, tena kwa majivuno, na kosa lake nimelijua Jumanne iliyopita tu, nikiwa nimekaa majanini huko Mabawe, Ngara, nyumbani kwa marehemu Mzee Butoyi. Nilikuwa nimekwenda kumzika mtu aliyenifundisha kazi. Njia nzima kutoka Biharamulo nilikuwa napanga kichwani jinsi nitakavyosimama mbele ya waombolezaji na kuwaeleza kwamba mwaka wa vita ya Kagera, mzee huyu alipokuwa karibu kupelekwa asikokujua, niliyemwokoa ni mimi, Skola, binti wa miaka kumi na tisa. Ni hadithi nzuri, na nimewachosha nayo wanangu, wajukuu zangu na wateja wangu wote waliowahi kungoja baiskeli zao kibarazani kwangu. Sasa naiandika upya. Mambo ya nyumbani kwetu nayaacha, maana hayana jipya: tulikuwa wengi, tulilima, tulisali. Naanzia karakana.

Karakana ya kijiji chetu cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kasulo, ilikuwa ghala la zamani la kahawa. Kuta zake zilinuka kahawa hata baada ya miaka mingi bila gunia moja kuingia mle, na mvua ilipopiga bati harufu ile ilifufuka, ukadhani mtu anakaanga buni nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na maiti ya baiskeli. Siyaiti hivyo kwa mzaha, ndivyo Mzee Butoyi mwenyewe alivyoyaita yale mafremu yaliyokatika shingo, rimu zilizopinda, na minyororo iliyoota kutu. Kila kaya ilileta ya kwake tulipohamia kijijini, kwa kuwa iliamuliwa kuwa mali ya wote, na kwa kuwa zilikuwa mbovu hakuna aliyeona uchungu. Mzee alikuwa amechora sakafuni mistari ya chokaa, akakigawa chumba mafungu sita, na asubuhi ya kwanza nilipoingia nikaruka mstari mmoja, alinirudisha mlangoni. "Binti, humu hatuingii hovyo," alisema. "Hiki ni kiwanda. Chuma kinaingia kule, baiskeli inatoka huku, hakuna kurudi nyuma." Nilitazama yale maiti na panya mmoja aliyekuwa akitutazama kutoka juu ya boriti, nikauma midomo nisicheke.

Kiwanda alikijua. Alikuwa ameondoka Ngara kijana, kama vijana wengi wa wakati wake, akaenda Uganda kutafuta kibarua cha mashamba, na kwa bahati akaangukia kiwanda cha baiskeli cha Mhindi mmoja kule Jinja. Alikaa humo karibu miaka ishirini, mpaka Wahindi walipofukuzwa na milango ikafungwa, ndipo akarudi kwao na sanduku la bati na spana moja ndogo ya kukazia spoki. Tulipokuwa tukila mchana, ndizi na maharage kwenye sinia moja, alikuwa akitusimulia kiwanda kile kwa utaratibu, kama padri anavyopanga misa. Mirija ya chuma ililetwa mirefu kwa treni, ikakatwa kwa msumeno wa mashine, kipande cha juu, cha chini, cha kiti. Ncha zake zikasuguliwa mpaka zing'ae, zikaingizwa kwenye soketi, kisha fremu ikafungwa kwenye chuma cha kuishikilia ili isipinde hata kwa unene wa ukucha. Halafu ndiyo ikaja kazi aliyoipenda kuliko zote. Pembe ya fremu ilizamishwa kwenye chungu cha shaba iliyoyeyuka, na shaba ikapanda yenyewe ndani ya soketi, ikajaza kila upenyo. "Hakuna anayeisukuma," alisema, kidole kikiwa kimesimama juu ya sinia. "Chuma kikiwa kisafi na moto ukitosha, shaba inajua njia yake. Chuma kikiwa kichafu, hata ukiomba rozari nzima haipandi." Kutoka hapo fremu iliogeshwa kwenye tindikali, ikaning'inizwa kwenye ndoano, ikazamishwa kwenye pipa la rangi nyeusi, ikaokwa kwenye tanuru kubwa kama chumba cha kulala, ikazamishwa tena, ikaokwa tena, mpaka ukaweza kujiona meno. Mwisho kabisa alikaa mzee mmoja mwenye brashi ya nywele ndefu, akachora mstari wa dhahabu kwenye kila mrija kwa mkono mtupu, bila rula, bila kushusha pumzi. Mzee Butoyi aliposimulia mstari ule naye alishusha pumzi mwishoni tu, na sisi vilevile.

Nimewahi kuwasikia watu wenye elimu wakisema kwamba kazi ya kiwandani ni kumfanya mtu kuwa sehemu ya mashine. Labda kwingine. Mimi niliyemsikia Mzee Butoyi akisimulia nilitamani kuwa sehemu ya kitu kile, kila mtu na kituo chake, na kitu kizuri kikisogea kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kikizidi kuwa kizuri. Hata leo nikiiona baiskeli ya zamani imeegemea ukuta huwa naisoma kama barua: huyu alikata, huyu aliunga, huyu alichora.

Tulikuwa watatu. Fundi wa moto alikuwa Mashauri, Mrongo wa Biharamulo, ambaye babu zake walifua majembe kabla hatujamwona Mzungu. Yeye alivukuta mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi, akayeyusha makufuli mabovu na vipande vya bomba ili tupate shaba, na akaifanya shaba ile ipande kwenye soketi jinsi Mzee alivyosimulia. Siku ya kwanza ilipopanda, Mzee Butoyi alivua kofia. "Jinja walikuwa na mtambo wa kupimia moto," alisema. "Wewe unapima na nini?" Mashauri akajibu, "Na macho, mzee. Moto ukiwa kama mgongo wa papai bivu, basi." Kazi yangu mimi ilikuwa magurudumu. Mzee alinichagua kwa sababu kiwandani magurudumu yalisukwa na wanawake wa Kisoga, wenye vidole vyepesi, na kwa sababu alipouliza ni binti gani wa kijiji anayesuka vikapu vizuri, shangazi yangu alinitaja, ingawa kwa masikitiko. Mimi ni wa mkono wa shoto. Vikapu vyangu vilizunguka kinyume na vya wanawake wengine wote, na shangazi alisema hadharani kwamba hakuna mkwe atakayekubali kupokea mtama ndani ya kikapu kilichogeuza uso. Mzee Butoyi alikizungusha kikapu changu mkononi, akasema, "Kinazunguka kinyume, lakini kimekaza." Nikaajiriwa kwa sifa hiyo.

Gurudumu la mbele lina spoki thelathini na mbili, la nyuma arobaini, kwa kuwa la nyuma ndilo linalobeba mtu na gunia lake. Nilijifunza kuzipanga, kuzipishanisha, kisha kuzikaza moja moja kwa vile vinati vidogo vilivyo kwenye rimu, huku nikilizungusha gurudumu na kuliangalia kama linayumba. Nilipoanza, magurudumu yangu yalitembea kama mlevi anayetoka kilabuni. Mzee hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa na desturi aliyoitoa kiwandani: kila msukaji alifunga uzi wa rangi yake kwenye spoki, jirani na tundu la kujazia upepo. Mkaguzi mwishoni akiliona gurudumu lina kasoro, hakupiga kelele, hakuuliza, alitazama uzi tu, na gurudumu likapelekwa mezani kwa aliyelisuka. "Gurudumu linarudi kwa mwenyewe," alisema. "Huo uzi ndio jina lako. Ukiona aibu kuufunga, basi kazi haijaisha." Mimi nilichomoa nyuzi nyekundu kwenye kanga kuukuu ya shangazi. Yeye alitumia nyeusi. Na tulipokuwa tukihesabu spoki, alihesabu kwa Kiganda, emu, biri, satu, nya, kwa sauti ya kuimba, kama walivyokuwa wakihesabu wote kule, nami nikamfuata kama kasuku. Hatukujua kwamba kuna siku hesabu hiyo itasikika vibaya.

Siku hiyo ilikuja mwishoni mwa mwaka wa 1978. Redio ya kijiji ilikaa dirishani mwa ofisi, na sisi tulikusanyika nje tukisikiliza, watu wazima wamekunja mikono, kwamba nduli ameingia nchini kwetu, ameua, amechoma, amechukua ng'ombe na watu. Mpaka wenyewe ulikuwa mbali nasi, lakini mkoa ni mmoja, na kila kaya ilikuwa na mtu upande ule. Vijana wa mgambo wakaanza kuondoka. Vijiji vikatakiwa kuchanga chakula, na kwa kuwa malori yote yalikuwa yamekwenda vitani na mafuta yalikuwa hayapatikani, Mwenyekiti wa kijiji alikuja karakana mwenyewe, akavua viatu mlangoni kama anayeingia kanisani, akauliza, "Mzee Butoyi, unaweza kunipa baiskeli kumi? Unga uende mpaka Biharamulo." Mzee alitazama yale maiti, moja moja, midomo ikicheza. "Nipe siku ishirini," alisema. Aliyekuja na Mwenyekiti alikuwa Katibu, kijana msomi mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyefanya kazi kwa bidii na kushuku kwa bidii ileile. Huyo hakuvua viatu. Walipotoka nilikuwa nje ya ukuta nikisugua rimu kwa mchanga, nikamsikia akisema, "Mwenyekiti, umemsikia anavyohesabu? Tunapigana na Uganda, na humu ndani mtu anahesabu Kiganda." Mwenyekiti akamjibu, "Mwache ahesabu, mradi afike kumi." Sikumwambia Mzee. Nilidhani ni maneno ya kupita.

Siku zile ishirini ndizo ninazozikumbuka nikitaka kukumbuka furaha. Tulifika karakana umande haujakauka. Mashauri alivukuta, Mzee alikata na kusugua, mimi nilisuka, na fremu zilisogea kutoka mstari hadi mstari wa chokaa kweli kweli, kama alivyokuwa akisimulia, kiwanda cha watu watatu na panya. Rangi hatukuwa nayo, tukapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, tukaanika juani badala ya tanuru. Grisi nayo haikupatikana hata kwa dawa. Duka la ushirika lilikuwa na viberiti na majembe mawili, basi. Ndipo Mzee akakumbuka ng'ombe. Aliomba samli kwa wafugaji, ikaja chungu kizima, tukaipaka kwenye gololi za habu, kile kitovu cha gurudumu, na magurudumu yakazunguka kimya kama maji. Mbwa wa kijiji kizima walihamia mlangoni petu kulamba ekseli, na Mashauri alikuwa akiwafukuza kwa koleo, akilia, "Skora, hawa mbwa watatumariza!" Mzee alitoa onyo moja tu. "Samli ni ya gololi. Kwenye spoki msiipeleke. Hizi spoki ni kuukuu, na kutu kidogo ndiyo gundi yake. Kinati kikipata mafuta kitakaza upesi, na kitalegea upesi."

Nililisikia onyo lile kwa masikio yangu mawili. Lakini siku ya kumi na sita vidole vyangu vilikuwa vimechubuka mpaka nyama, vinati vyenye kutu viligoma kama punda, na yalikuwa yamebaki magurudumu manne ya nyuma. Mzee alikuwa nje akipima fremu. Nikachovya kinati kimoja kwenye chungu cha samli, nione. Kikaingia kama kinaitwa. Nikachovya cha pili. Kwa siku mbili nikamaliza magurudumu yote manne, yamenyooka, hayayumbi hata kidogo, na Mzee aliyazungusha moja moja, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akamwambia Mashauri, "Huyu sasa Wasoga wangemwajiri." Nilifurahi sana, na nilifunga nyuzi zangu nyekundu nne kwa mkono usiotetemeka. Hilo ndilo ninaloona aibu nalo zaidi, kwamba mkono haukutetemeka.

Baiskeli kumi ziliondoka zimebeba unga wa muhogo na maharage, wanawake wanapiga vigelegele, Mwenyekiti anatokwa na machozi bila kuyafuta. Kesho yake mchana watu wawili waliokwenda kusaidia kusukuma walirudi kwa miguu wamebeba gurudumu. Lilikuwa limejikunja kama chapati. Wakaeleza kwamba kwenye mteremko wa mawe, kabla ya Nyakahura, gurudumu la nyuma la Yohana, mmoja wa waendesha baiskeli, lilicheza mara mbili tatu, likaporomoka, na Yohana akaruka pamoja na magunia. Amevunjika mfupa wa bega, yuko zahanati, unga umemwagika barabarani. Wenzake wameendelea na safari. Tulikuwa tumesimama mbele ya ofisi, kijiji karibu chote. Katibu alilichukua gurudumu, akamkabidhi Mzee Butoyi mbele ya watu. "Hii ni kazi yako?" Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Alilizungusha taratibu, akipitisha kiganja chake juu ya rimu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kisha akasema, "Ego, ndiyo. Limetoka karakana yangu." Katibu akageuka kwa watu. "Mmesikia wenyewe. Ameishi Uganda miaka ishirini, anahesabu Kiganda, na chakula cha askari wetu kimemwagika." Watu walewale waliokula naye mchana jana yake walitazama miguu yao. Mzee akafungiwa kwenye stoo ya mbolea nyuma ya ofisi, kungojea gari la wilaya asubuhi.

Jioni hiyo nilimpelekea chakula, ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando. Mgambo aliyelinda alikuwa jirani yetu, akanifungulia mlango kidogo akageuza uso. Mzee alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, amekunja miguu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Nikamsogezea maziwa. Nilingoja aniulize, nilitaka aniulize, maana kama angeuliza ningesema. Hakuuliza. Alikula ndizi moja, akasema, "Yohana anaendeleaje?" halafu akasema, "Yale mengine matatu bado yako njiani." Alisema matatu. Nilidhani anazungumza tu, kumbe alikuwa anahesabu. Nilipotoka nilipita kibarazani ambako lile gurudumu lilikuwa limeegemezwa, na kupitia dirishani nilimsikia Katibu akimwambia Mwenyekiti, "Akifika wilayani watajua jinsi ya kumwuliza." Nikainama nitafute uzi wangu. Haukuwepo. Nilipapasa kila spoki. Mwekundu hakuna, mweusi hakuna. Nasema kweli, mbele ya Mungu, jambo la kwanza nililolisikia moyoni lilikuwa ahueni. Umekatika njiani, nikajiambia, hakuna atakayejua. Nikaenda nyumbani, nikakaa jikoni na shangazi, nikala, na chakula kikapita.

Kilichonitoa pale jikoni ni yale matatu. Nilimwona mtu wa pili akiruka na magunia, halafu wa tatu. Na nilimwona Mzee akipandishwa gari bila kofia yake. Nikaweka sinia chini, nikamwambia shangazi yote. Shangazi alipepea moto kwa upepeo, kisha akasema, "Kesho vaa ile gauni ya kanisani. Ukienda kujiaibisha, jiaibishe ukiwa msafi."

Mkutano wa kijiji uliitishwa asubuhi, kabla gari la wilaya halijafika, darasani shuleni. Katibu alifungua kwa "Kidumu Chama," tukaitikia, akaanza maelezo. Nikanyoosha mkono. "Binti, kaa." Sikukaa. "Ndugu Katibu, gurudumu ni langu. Nililisuka mimi, nikatia samli kwenye vinati, na Mzee alikuwa amenikataza." Kelele zikazuka. Katibu alikuwa mwerevu, akatulia, akauliza, "Si mna desturi ya nyuzi? Uzi wako uko wapi?" Nikasema umepotea. "Umepotea," akarudia, akitazama watu. "Mnaona? Amefundishwa kuja kumkinga." Nikamtazama Mzee, amekaa mbele kati ya mgambo wawili, nikamwomba kwa macho aseme ni langu. Alitazama dirisha. Ndipo shangazi aliposimama nyuma kabisa, ameshika kikapu changu kimoja juu ya kichwa. "Jamani, uzi wa nini? Huyu anasuka kinyume tangu yuko mdogo! Mimi nimelia kwa ajili ya vikapu hivi! Lileteni hilo gurudumu na jingine la mzee mwenyewe, muone."

Mashauri alitoka mbio, akarudi na baiskeli ya Mzee Butoyi mabegani. Tukaweka magurudumu mawili juu ya meza ya mwalimu. Kwenye la Mzee, spoki zinapopishana, inayoelekea mbele imepita chini ya mwenzake. Kwenye langu, hata likiwa limejikunja vile, imepita juu, zote, duru nzima. Mwenyekiti alivaa miwani akafuata kwa kidole, kisha akachukua kikapu changu na cha mama mmoja aliyekuwa karibu, akavilinganisha, akaguna. Nikamwambia Katibu, "Shika kinati hicho, ndugu, kizungushe kwa vidole." Kikazunguka. Akanusa vidole vyake. Wakati huohuo mstari wa siafu wadogo ulikuwa ukipanda mguu wa meza kwenda kwenye rimu, bila kungoja azimio la mkutano. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Samli," na darasa zima likapasuka kwa kicheko, kile kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Katibu hakucheka, lakini namsifu, aliuliza swali lake la mwisho kwa heshima. "Mzee, kwa nini basi unahesabu kwa Kiganda?" Mzee Butoyi akainuka. "Mwanangu, mikono yangu ilijifunzia huko. Nikihesabu kwa Kihangaza chetu nafika thelathini na nane, sijui zile mbili zinakwenda wapi." Mwenyekiti akasema afunguliwe.

Mzee hakunipongeza. Alivaa kofia yake, akarudisha gurudumu kwenye baiskeli yake, akanipa ile spana ndogo ya Jinja. "Panda," akasema. Nilikaa kwenye keria, kwenye milima tulishuka tukasukuma, tukalala njiani kwa watu, na kesho yake tukawakuta wenzetu Nyantakara, kwa familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao, wamesimama kwa sababu magurudumu mawili yameanza kucheza. Yalikuwa yangu. Walitupa ugali wa mtama na maziwa, na baada ya kula nilikaa chini ya ukuta wa zizi, nikafungua vinati mia moja na ishirini, nikavifuta kimoja kimoja kwa majivu, nikavirudisha vikavu. Vidole vilitoka damu. Mzee alikaa kwenye kigoda akizungumza na mwenye nyumba habari za mvua, wala hakugusa spoki hata moja. Nilipomaliza la tatu aliinuka, akapitisha kiganja juu ya rimu, akasema lile neno lake, kwamba gurudumu linarudi kwa mwenyewe, na hapo tu ndipo alipotabasamu. Unga ulifika Biharamulo. Vita iliisha, Yohana alipona, akawa fundi cherehani. Lile gurudumu lililojikunja nililinyoosha na kulisuka upya, na Mzee akalifunga kwenye baiskeli yake mwenyewe, nyuma, akasema ndilo alilolihitaji. Sikulitia uzi. Niliona aibu.

Basi hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa nimeipeleka Mabawe. Baada ya maziko, binti yake Adela, ambaye naye sasa ni bibi, alinivuta pembeni akanipa kopo la maziwa ya watoto lenye kutu. "Baba alisema apewe Skola, asifungue mtu mwingine. Alisema ni kitu chako, kinarudi kwako." Ndani mlikuwa na beji ya shaba ya kiwanda, herufi zimesuguliwa mpaka zimeisha, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Uzi mwekundu, mgumu kwa samli ya zamani, bado una fundo langu la shoto. Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Nilikiona tena kile kiganja kikizunguka rimu mbele ya watu, taratibu, nami nikidhani anakagua. Alikuwa amejua tangu dakika ile, na alikubali kuondoka na gari la wilaya, asijue kama atarudi, kuliko jina langu lisomwe na Katibu. Hata mkutanoni, niliposema ule uzi umepotea, ulikuwa mfukoni mwake. Nilikuwa nimemwokoa mtu aliyekuwa ameshaniokoa, na miaka yote hii akaniacha nijisifu.

Walipoita wenye neno, nilisimama nikalisema lote, na siafu, na chakula kilichopita kooni jioni ile. Watu walicheka walipopaswa kucheka. Kisha nikaenda ukutani ambako baiskeli yake ilikuwa imeegemea, mstari wa dhahabu aliouchora mwenyewe bado unaonekana kidogo, nikapiga magoti kwa shida ya uzee, nikaufunga uzi kwenye spoki ya gurudumu la nyuma, jirani na tundu la upepo. Mjukuu wa Adela alikuja akainama karibu nami, akauliza, "Bibi, hicho ni nini?"

"Ni jina langu," nikamwambia.